Ushuru usiojua hasara: Wakulima na wafanyabiashara wa Kaplong wajipange mapema

MSAFIRI atokaye Kericho kuelekea Kisii hupita Litein na Kapkatet, kisha huwasili Kaplong, mahali ambapo barabara ya kwenda Bomet na Narok hujitenga na ile ya Sotik. Njia panda hiyo imelea soko. Hapo hushuka abiria wa matatu, hupakiwa maziwa na ndizi, huuzwa saruji na mabati, na pesa zitokanazo na majani chai hubadilisha mikono mara nyingi kabla ya kufika benki. Bonasi ya mwaka ikiwa nono, kila duka hutabasamu. Ikiwa duni, kama walivyolalamika wakulima wengi wa Kericho na Bomet mwaka 2025, hata fundi wa viatu huisikia njaa ya mkulima.

Katika mahali kama hapo, swali la jinsi serikali inavyomtoza mwananchi ushuru si suala la wahasibu wa Nairobi peke yao. Ni swali la iwapo mtaji utabaki dukani au la, na iwapo mkulima atanunua mbolea msimu ujao au ataikosa. Aidha, ni swali ambalo jibu lake hubadilika kila Juni, Mswada wa Fedha unapopitishwa bungeni.

Hoja ya makala haya ni nyepesi kuieleza, ingawa ni nzito kuitekeleza. Ipo tofauti kubwa baina ya kutoza faida na kutoza mauzo. Faida ni kile kinachosalia baada ya gharama kuondolewa. Mauzo ni pesa zote zilizopitia mkononi, hata zile ambazo ni za muuzaji wa jumla, za mwenye nyumba na za kibarua. Sheria inayotoza mauzo haiulizi kama ulipata au ulipoteza.

Wakenya walilijua jambo hilo kwa uchungu mwaka 2021. Kupitia Sheria ya Fedha ya 2020, iliyopitishwa wakati janga la corona lilikuwa limebana uchumi, serikali ilianzisha ushuru wa kima cha chini. Kuanzia Januari 1, 2021, kila mtu mwenye biashara, awe kampuni au mtu binafsi, alitakiwa kulipa angalau asilimia 1 ya mauzo yake yote. Walioachwa nje ni wachache: miongoni mwao ni mapato ya mshahara, kodi ya nyumba za makazi, na mapato ambayo tayari yalikuwa chini ya ushuru wa mauzo wa wafanyabiashara wadogo.

Utaratibu wake ulikuwa wa kulinganisha. Mlipaji alihesabu ushuru wa kawaida wa faida anaopaswa kulipa kwa awamu, kisha akahesabu asilimia 1 ya mauzo. Ikiwa hesabu ya pili ilizidi ya kwanza, alilipa hiyo ya pili. Aliyepata faida nzuri hakuguswa. Aliyepata faida kiduchu, au hasara, ndiye aliyebeba mzigo.

Serikali haikukosa sababu. Kwa miaka mingi Mamlaka ya Ukusanyaji Ushuru nchini (KRA) imelalamika kwamba zipo kampuni ambazo kila mwaka hutangaza hasara ilhali hufungua matawi mapya na wakurugenzi wake huishi maisha ya kifahari. Mtu hujiuliza: mbona biashara isiyoleta faida kwa miaka kumi haifungwi? Ushuru wa kima cha chini ulikusudiwa kuwa wavu wa kuwanasa wajanja wa aina hiyo.

Tatizo ni kwamba wavu haukuwa na macho. Haukumtenganisha anayeficha faida na yule ambaye kwa kweli hakuipata.

Waliojitokeza mahakamani hawakuwa kampuni kubwa pekee. Miongoni mwa walalamishi wa kwanza walikuwa viongozi wa chama cha wenye baa wa Kitengela, Kaunti ya Kajiado. Mwenye baa huuza bidhaa zenye thamani kubwa kwa faida ndogo ya kila chupa. Asilimia 1 ya mauzo yake yaweza kumeza sehemu kubwa ya faida yote. Mnamo Aprili 19, 2021, siku moja tu kabla ya awamu ya kwanza kulipwa, Jaji George Odunga wa Mahakama Kuu ya Machakos alisimamisha utekelezaji wake. Septemba 20 mwaka huo aliubatilisha kabisa. Desemba 2, 2022, Mahakama ya Rufaa ilikubaliana naye.

Msingi wa uamuzi ulikuwa Kifungu cha 201 cha Katiba, kinachosema mzigo wa ushuru sharti ugawanywe kwa haki. Kumtoza aliyepata hasara ushuru wa mapato, ilhali hana mapato kwa maana ya faida, ni kumlazimisha alipe kutoka kwa mtaji wake. Na mtaji ukishaliwa, hakuna biashara ya kutozwa mwaka unaofuata. Ng'ombe huyo wa maziwa atakuwa amechinjwa.

Yamkini msomaji wa Kaplong atasema: ushuru huo ulikufa, basi mjadala wa nini? Mjadala ungalipo kwa sababu mbili. Kwanza, ushuru mwingine unaotegemea mauzo ungali hai, na sasa ni mzito kuliko ule uliobatilishwa. Pili, wazo la kumtoza mkulima kwa kuangalia pesa zote anazopokea halijazikwa.

Tuanze na la kwanza. Ushuru wa mauzo wa wafanyabiashara wadogo ulianzishwa na Sheria ya Fedha ya 2007. Umepanda na kushuka kama mawimbi. Ulianza kwa asilimia 3, ukaondolewa na nafasi yake kuchukuliwa mwaka 2019 na ushuru uliokadiriwa kutokana na ada ya leseni ya biashara, ukarejeshwa mwaka 2020, ukapunguzwa hadi asilimia 1 wakati wa corona, kisha Julai 2023 ukarudishwa kuwa asilimia 3. Tangu wakati huo unawahusu wenye mauzo ya kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni kwa mwaka. Hulipwa kila mwezi, kabla au ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Gharama hazipunguzwi.

Tuchukue mfano wa kufikirika wa duka la vifaa vya ujenzi pale njia panda. Kwa mwaka mzima, mwenyewe anauza saruji, misumari na mabati ya Sh8 milioni. Bidhaa hizo alizinunua kwa Sh7.2 milioni. Pango, mishahara ya vijana wawili, stima na usafiri vimemgharimu Sh850,000. Amepoteza Sh50,000. Chini ya ushuru wa mauzo, anadaiwa asilimia 3 ya Sh8 milioni, yaani Sh240,000. Hasara yake ya Sh50,000 imekuwa Sh290,000.

Lakini sheria imemwachia mlango. Mfanyabiashara anaweza kumwandikia Kamishna wa KRA kumfahamisha kwamba hataki kuwa chini ya ushuru wa mauzo. Akifanya hivyo, atatozwa kama mlipaji wa kawaida, kwa faida. Kwa kuwa hana faida, hatalipa ushuru wa mapato mwaka huo, na hasara yake ataihamisha mbele kupunguza faida ya miaka ijayo.

Hapa ndipo ubaya wa ushuru wa mwaka 2021 unapodhihirika. Wakati huo ushuru wa mauzo ulikuwa asilimia 1, na ushuru wa kima cha chini vilevile asilimia 1. Mwenye duka angebaki ndani angelipa Sh80,000. Angetoka, angekutana na Sh80,000 zizo hizo upande wa pili. Ilikuwa nyumba yenye milango miwili inayoingia chumba kimoja. Uamuzi wa mahakama ndio uliofungua mlango wa kutokea.

Je, ni nani anufaikaye kwa kutoka? Si kila mtu. Kwa viwango vya ushuru wa mapato ya mtu binafsi vilivyoanza kutumika Julai 2023, Sh288,000 za kwanza kwa mwaka hutozwa asilimia 10, Sh100,000 zinazofuata asilimia 25, na zinazofuata hapo asilimia 30 hadi Sh6 milioni. Kisha hupunguzwa nafuu ya Sh28,800. Mwenye duka letu akipata faida ya Sh800,000, ushuru wake utakuwa Sh148,600, chini ya zile Sh240,000. Faida ikifika Sh1.6 milioni, ushuru wa faida utakuwa Sh388,600, na hapo atatamani angebaki kwenye ushuru wa mauzo.

Mpaka wenyewe, kwa mauzo ya Sh8 milioni, ni faida ya takriban Sh1.1 milioni, sawa na karibu asilimia 14 ya mauzo. Anayepata chini ya hapo anaumizwa na ushuru wa mauzo. Anayepata zaidi anafaidika nao. Muuza saruji na sukari, ambaye faida yake kwa kila shilingi mia ni ya shilingi chache, yumo katika kundi la kwanza. Fundi au kinyozi, ambaye bidhaa yake kuu ni jasho lake, huenda yumo katika la pili.

Hesabu hiyo haiwezi kufanywa Desemba mwaka ukiwa umekwisha. Ushuru wa mauzo hulipwa kila mwezi, na uamuzi wa kutoka sharti utangulie. Isitoshe, anayetoka huingia katika uwanja wenye masharti yake. Atawasilisha ritani kabla ya Juni 30 ya mwaka unaofuata. Ikiwa ushuru wake wa mwaka unazidi Sh40,000, atalipa kwa awamu nne: Aprili 20, Juni 20, Septemba 20 na Desemba 20. Atatunza kumbukumbu zake kwa miaka mitano. Hasara yake nayo haitahamishwa milele, kwani Sheria ya Fedha ya 2025 imeweka kikomo cha miaka mitano.

Zaidi ya yote, sharti athibitishe gharama zake. Tangu Januari 1, 2024, gharama nyingi za biashara zisizo na ankara ya kielektroniki ya mfumo wa eTIMS hazikubaliwi. Kwa duka la Kaplong hilo ni jambo zito. Saruji hutoka kwa msambazaji mwenye mfumo. Lakini mchanga huletwa na mwenye lori, na mbao hutoka kwa mkulima aliyekata miti yake mitatu kulipa karo. Hao hawatoi ankara. Marekebisho ya sheria yaliyoanza Desemba 27, 2024 yameleta unafuu: mnunuzi anayenunua kutoka kwa mkulima mdogo au mfanyabiashara ambaye mauzo yake hayazidi Sh5 milioni kwa mwaka anaweza kutoa ankara hiyo yeye mwenyewe kwa niaba ya muuzaji. Asiyelijua hilo atalipa ushuru wa faida ambayo hakuipata, hata kama sheria haikukusudia hivyo.

Hivyo basi, ushuru wa kima cha chini uliobatilishwa kortini unaweza kurejea dukani kwa mlango wa nyuma. Mtu asiye na rekodi, machoni pa mtoza ushuru, hana gharama. Na asiye na gharama, mauzo yake yote ni faida.

Sasa tumwangalie mkulima. Wengi wa wakulima wadogo wanaopeleka majani chai katika viwanda vinavyosimamiwa na shirika la KTDA hawafiki Sh1 milioni kwa mwaka, kwa hivyo ushuru wa mauzo hauwagusi. Chukua, kwa mfano tu, mkulima aliyelipwa jumla ya Sh400,000 kwa mwaka, malipo ya kila mwezi pamoja na bonasi. Mbolea, wachumaji na kupalilia vimemla Sh250,000. Anabaki na Sh150,000. Ikiwa hana pato jingine, hadaiwi ushuru wa mapato, kwa kuwa nafuu ya mtu binafsi inafunika ushuru wa faida isiyozidi Sh288,000.

Hali ni tofauti kwa mwalimu mwenye shamba la chai, na vijijini kuzunguka Kaplong hao si wachache. Nafuu yake tayari imetumika kwenye mshahara. Ikiwa mshahara huo unavuka takriban Sh32,300 kwa mwezi, kila shilingi ya faida ya chai inaangukia kwenye asilimia 30. Kwa faida ya Sh150,000 anadaiwa Sh45,000. Asipotunza stakabadhi za mbolea na orodha ya malipo ya wachumaji, hesabu itafanywa kwa Sh400,000 nzima, na deni litakuwa Sh120,000. Tofauti ya Sh75,000 ni thamani ya daftari moja na faili moja.

Ndipo linapokuja lile jambo la pili. Katika mkakati wake wa mapato wa muda wa kati, ambao Wizara ya Fedha iliuanika mwaka 2023, lilikuwamo pendekezo la kukata ushuru usiozidi asilimia 5 kwa mazao yanayopelekwa kwa vyama vya ushirika na makundi mengine ya wakulima. Pendekezo hilo halikuwa miongoni mwa yaliyopitishwa katika Sheria ya Fedha ya 2025. Hata hivyo, wazo lililoandikwa katika mkakati wa serikali huwa limelala tu, halijafa.

Lipime kwa mkulima wetu wa Sh400,000. Asilimia 5 ni Sh20,000, zikikatwa kabla hajaona malipo yake. Yeye ambaye hakudaiwa chochote sasa ametoa zaidi ya asilimia 13 ya faida yake. Mwaka ambao bei imeanguka na faida ni Sh20,000 tu, ushuru umechukua yote. Watetezi watasema makato kama hayo yanaweza kurejeshwa mlipaji akiwasilisha ritani. Ni kweli, ikiwa sheria itayafanya kuwa malipo ya mapema na si ya mwisho. Lakini ni wakulima wangapi wenye umri wa miaka sabini watakaofungua kompyuta kudai Sh20,000? Haki inayohitaji safari tatu za mjini na kijana wa saiba ni haki nusu.

Mataifa mengine yamepitia njia hii, na makosa yao ni shule. Nchini Marekani, Januari 1969, Waziri wa Fedha Joseph Barr aliliambia Bunge kwamba watu 155 waliokuwa na mapato ya zaidi ya dola 200,000 hawakulipa ushuru wowote wa mapato wa serikali kuu mwaka 1966. Hasira ya umma ilizaa ushuru wa kima cha chini kwa matajiri mwaka huohuo, nao ukabadilishwa baadaye kuwa ushuru mbadala unaohesabiwa sambamba na ule wa kawaida. Lakini viwango vyake havikupandishwa kulingana na mfumko wa bei. Miaka ilivyosonga, wavu uliofumwa kwa ajili ya nyangumi ukaanza kunasa dagaa, familia za kipato cha kati zilizokuwa na watoto wengi. Ni Januari 2013 ndipo sheria ilipoufungamanisha kwa kudumu na mfumko wa bei.

Hata Wamarekani, pamoja na makosa yao, hawakutoza mauzo. Walianzia kwa mapato yaliyobaki, kisha wakapunguza baadhi ya misamaha. Majirani wetu wa Tanzania hutoza mauzo, lakini kwa tahadhari. Ushuru wao mbadala unazihusu kampuni zinazotangaza hasara kwa miaka mitatu mfululizo. Asilimia yake iliongezwa hadi 1 mwaka 2025, ila kampuni za kilimo, afya na elimu zimeachwa nje. Anayeanguka mwaka mmoja hupewa nafasi ya kuinuka. Mkulima haguswi, kwa kuwa mvua na soko la dunia havisikii amri ya waziri.

Ikiwa Hazina ya Kitaifa ina nia ya kuufufua ushuru wa aina hii, basi masharti matatu hayaepukiki. Uwaandame wanaotangaza hasara mfululizo, si kila mwenye mwaka mbaya. Uache nje wakulima wadogo, ambao bei ya zao lao huamuliwa katika mnada wa Mombasa na si shambani. Na chochote kilicholipwa katika mwaka wa hasara kihesabiwe kama malipo ya mapema, kipunguze deni la mwaka wa faida. Kanuni hiyo si ngeni: wenye matatu wanaosimama Kaplong hulipa ushuru wa mapema kila mwaka, nao hupunguzwa katika ushuru wao wa mwisho.

Kwa upande wa mwananchi, kupanga mapema kuna maana mbili. Ya kwanza ni ya nyumbani: kujua mauzo, gharama na faida ya kila mwezi, kuchagua njia ya ushuru kabla mwaka haujaanza, na kutenga pesa za awamu kabla hazijaliwa. Waliozoea kutumia bonasi ya Oktoba yote kabla ya Krismasi wanajua jinsi Aprili inavyofika na mikono mitupu.

Maana ya pili ni ya uraia. Mswada wa Fedha hufikishwa bungeni kabla ya Aprili kwisha, na Mei ndio wakati wa wananchi kutoa maoni. Mwaka 2024 mswada uliondolewa baada ya damu kumwagika barabarani. Mwaka 2021 ushuru ulisimamishwa kwa karatasi, na wenye baa wa mji mmoja mdogo wakiwa mstari wa mbele. Njia ya pili ni nafuu zaidi kwa taifa. Vyama vya wakulima wa chai na wafanyabiashara wa Kericho na Bomet vina wajibu wa kuusoma mswada kifungu kwa kifungu, na kufika mbele ya Kamati ya Fedha na hesabu zao mkononi.

Hesabu hizo ndizo kiungo. Mkulima mwenye daftari anaweza kumthibitishia mbunge kwamba asilimia 5 ya malipo yake ni sawa na mfuko wa mbolea wa msimu ujao. Asiye na daftari atasema tu kwamba ushuru ni mchungu, na hilo kila waziri amelisikia. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Wenye maduka ya njia panda na wenye mashamba ya mlimani wakiziweka hesabu zao pamoja kabla ya Mei, Bunge litakuwa na la kusikiliza.